Passo ya teksi iliyokula oili: injini ya pistoni tatu inafia wapi

Gari la kisa hiki ni Toyota Passo ya mwaka 2006, chesisi KGC10, injini 1KR-FE ya cc 996, gia otomatiki ya hatua nne. Lilishuka bandari ya Dar es Salaam likiwa na kilomita 78,000 kwenye odometa na moja kwa moja likaingia kwenye teksi za mtandaoni, kati ya Mbezi, Ubungo, Kariakoo na Posta. Lilipofika kilomita 163,000 lilikuwa linagonga kama njugu kwa sekunde chache kila asubuhi likiwashwa, linatoa moshi wa bluu likikanyagwa baada ya kusimama foleni, taa nyekundu ya oili inawaka na kuzima kwenye kona, na taa ya cheki injini haizimiki. Mafundi wawili walimwambia mwenye gari jambo lile lile: injini imekwisha, nunua ya mtumba. Na sababu ni ile inayosikika kila gereji: "Hizi ni pistoni tatu, haziwezi kazi."

Ni gari la mfano. Limekusanywa kutokana na matatizo yanayojirudia kwenye Passo na Vitz zinazofanya biashara mjini, na hesabu zake unaweza kuzirudia kwa namba za gari lako. Hoja yetu ni kwamba udogo wa injini haukuliangusha gari hili. Liliangushwa na lita tatu za oili ambazo hapakuwa na mtu anayezipima, na muda wa kazi ambao odometa haiuonyeshi.

Injini yenyewe

1KR-FE ilibuniwa na Daihatsu na ikaanza kutumika mwaka 2004. Ina silinda tatu zenye kipenyo cha milimita 71, pistoni zinasafiri milimita 84 kwenda na milimita 84 kurudi, valvu 12, kamshafti mbili (shafti zinazofungua valvu), VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka) upande wa kuingiza hewa, na cheni ya taiming badala ya mkanda. Bloku ni ya alumini yenye slivu za chuma. Nguvu zake kwenye Passo ni farasi 71 kwa mizunguko 6,000 kwa dakika. Ulaya iliuzwa ndani ya Toyota Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107, zote kutoka kiwanda kimoja cha Kolín, Jamhuri ya Czech, na kuanzia 2007 hadi 2010 ilichukua kila mwaka tuzo ya kimataifa ya injini bora ya chini ya lita moja. Tuzo hiyo haipimi uimara wa miaka 15, kwa hiyo tusiifanye ushahidi. Ushahidi uko kwenye vipimo.

Chukua 1NZ-FE, injini ya cc 1,500 iliyomo kwenye IST na Probox, ambayo kila fundi anaisifu kwa uvumilivu. Pistoni yake inasafiri milimita 84.7. Ya Passo inasafiri milimita 84. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, pistoni ya Passo inasugua ukuta wa silinda kwa wastani wa mita 8.4 kwa sekunde, ya IST mita 8.47. Ni mwendo mmoja. Silinda ya injini ndogo hailiki haraka zaidi eti kwa sababu injini ni ndogo.

Tofauti ya kweli iko sehemu mbili. Kwanza, injini ndogo inaombwa asilimia kubwa zaidi ya nguvu zake kufanya kazi ile ile: abiria wanne, kiyoyozi, mlima wa Kimara. Inazunguka juu zaidi na mguu wa dereva unazama zaidi. Pili, oili. IST inabeba lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Passo inabeba karibu lita 3. Ukipoteza lita moja kwenye Passo umepoteza theluthi ya oili yote, na theluthi mbili zinazobaki zinafanya kazi ya theluthi tatu: kulainisha, kupoza pistoni, kubeba uchafu, kuisukuma tensheni, yaani kifaa kinachoikaza cheni, na kuiendesha VVT-i.

Kuna jambo la tatu ambalo si ugonjwa ila hutibiwa kama ugonjwa. 1KR-FE ya Passo hii haina shafti ya kusawazisha mtikisiko. Mauntingi za injini, yaani raba zinazoishikilia, zikichoka, gari likiwa kwenye D na breki imekanyagwa linatikisika mpaka usukani, na mwenye gari anaambiwa injini imechoka. Weka gari kwenye N. Mtikisiko ukipungua sana na injini ikawa inanguruma sawasawa, anza na mauntingi. Zipo injini nzima zilizong'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu kwa kosa la raba iliyopasuka.

Saa, si kilomita

Kilomita 85,000 za teksi ya Dar es Salaam (163,000 kutoa 78,000) si kilomita 85,000 za mtu anayekwenda Morogoro na kurudi. Tuweke mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, ukihesabu foleni, mataa, na kusubiri abiria kiyoyozi kikiwa kinapuliza. 85,000 gawanya kwa 20 unapata saa 4,250 za injini kuzunguka. Gari la safari ndefu lenye wastani wa kilomita 70 kwa saa lingemaliza umbali huo kwa saa 1,214.

Mtu anaweza kusema foleni injini inazunguka taratibu. Ni kweli, ila hesabu haibadiliki upande. Teksi ikiwa na wastani wa mizunguko 1,500 kwa dakika kwa saa 4,250, krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imezunguka mara milioni 382. Gari la safari kwa mizunguko 3,000 na saa 1,214 limezungusha mara milioni 218. Na mizunguko ya foleni ni ya hali mbaya zaidi: hewa haipiti kwenye rejeta isipokuwa feni inapowaka, chumba cha injini kinakuwa tanuri, presha ya oili iko chini kwa sababu pampu inazunguka polepole.

Sasa angalia ubadilishaji wa oili. Dereva alikuwa anabadilisha kila kilomita 8,000, kwa sababu dumu liliandikwa umbali mkubwa kuliko huo na akaona ameshajibana vya kutosha. Kilomita 8,000 kwa mwendo wa 20 ni saa 400. Gari la barabara kuu lingetimiza saa 400 baada ya kilomita 28,000. Hakuna mwenye gari anayejali gari lake atakayekubali kukaa na oili kilomita 28,000, lakini kila mwenye teksi anayefuata kilomita 8,000 anafanya hivyo bila kujua. Kwa kazi ya mjini tunashauri saa 200 kuwa mwisho, yaani kilomita 4,000 kwa gari lenye wastani huu. Kama gari lako lina kompyuta ya safari inayoonyesha mwendo wa wastani, fanya hesabu yako mwenyewe: zidisha wastani huo kwa 200.

Oili ilipokuwa inakwenda

Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia mgandamizo usipite. Ya tatu, ringi ya oili, kazi yake ni kukwangua oili iliyorushwa ukutani na kuirudisha chini kupitia matundu madogo yaliyotobolewa nyuma yake kwenye pistoni. Oili iliyokaa saa 400 kwenye joto la foleni inaungua taratibu na kuacha utomvu, kisha masizi magumu. Matundu yanaziba. Ringi inashikwa kwenye mfereji wake, haitanuki tena kuufuata ukuta. Oili inabaki ukutani, mlipuko unaipata, inaungua. Hapo gari linaanza kula oili.

Ubaya ni kwamba tatizo hili linajilisha lenyewe. Oili ikipungua, inayobaki inapata joto zaidi na uchafu zaidi kwa kila lita. Ikipata joto zaidi inazeeka haraka zaidi. Ikizeeka inaziba matundu zaidi. Gari lililokuwa linakula nusu lita kati ya sevisi na sevisi linajikuta ndani ya mwaka linakula lita moja kila kilomita 700, na hicho ndicho kiwango kilichopimwa kwenye gari hili.

Lita moja kwa kilomita 700. Teksi hii inatembea kilomita 150 kwa siku. Theluthi ya oili inatoweka kabla ya siku tano kwisha, theluthi mbili kabla ya siku kumi. Dereva alikuwa anaongeza oili pale tu taa nyekundu ilipomulika, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Taa ile haipimi kiasi cha oili. Inapima presha, na kwa kawaida haiwaki mpaka presha iwe imeshuka chini ya nusu bar. Injini ikizunguka kwa kasi huku sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikiwa na oili kidogo, pampu bado inapata cha kuvuta na taa inabaki imezimika. Ukikata kona ya mzunguko oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, kichujio cha pampu kinabaki kinavuta hewa, presha inaanguka, taa inamulika sekunde moja, gari linanyooka, taa inazimika. Dereva anasema "sensa imechoka." Katika sekunde hiyo beringi za krankishafti hazikuwa na oili ya kuzibeba.

Mlio wa kugonga wa asubuhi una asili hiyo hiyo. Tensheni ya cheni inasukumwa na presha ya oili. Oili ikiwa chini na chafu, presha inachelewa kufika, cheni inalegea na kupiga kava. Cheni yenyewe hailiki kwenye meno tu, inalika kwenye pini zinazounganisha kila pingili. Kila pini ikilika kidogo sana, cheni nzima inarefuka, taiming inachelewa, na mwishoni inaweza kuruka jino, valvu zikakutana na pistoni.

Vipimo kabla ya kufungua kitu chochote

Gari liliegeshwa mahali palipo sawa, likaachwa dakika 15, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ikatolewa, ikafutwa, ikarudishwa, ikatolewa tena. Hapakuwa na alama hata ncha. Ilihitajika lita 1.6 kufika alama ya juu. Mtu aliyeishia hapo ameshapata nusu ya jibu, na kazi hiyo haihitaji hata spana.

Oili ilipojaa, swichi ya presha ilifunguliwa na geji ikafungwa mahali pake. Injini ikiwa ya moto, kwenye sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) geji ilisoma bar 0.9, na kwa mizunguko 3,000 ikasoma bar 3. Presha ya namna hiyo si ya injini iliyokufa. Pampu inafanya kazi, beringi hazijaachia sana. Geji hii ndiyo inayoamua kama kuna sababu ya kuendelea kuitibu injini au la. Kama oili imejaa, injini ni ya moto, na presha kwenye mizunguko 3,000 haifiki bar 2, usipoteze fedha kwenye ringi kabla ya kujua hali ya beringi na pampu.

Filta ya zamani ilikatwa. Watu wachache hufanya hivi, na ni kipimo cha bure. Kata kopo kwa msumeno mbali na karatasi, au kwa kikata bomba ili vumbi la chuma lisiingie. Toa karatasi, ikunjue, ibane kwenye jiliwa mpaka oili ichuruzike, kisha itandaze juani na uipitishe macho mkunjo kwa mkunjo. Vumbi jeusi ni masizi. Vipande laini vinavyoshikwa na sumaku ni chuma cha cheni, ringi au meno. Vipande vya rangi ya fedha au shaba visivyoshikwa na sumaku ni ngozi ya beringi, na ukiviona kwa wingi safari ya injini hiyo imekaribia mwisho. Filta ya gari hili ilikuwa na masizi mengi, chembe chache zilizoshikwa na sumaku, shaba hakuna.

Kisha mgandamizo. Injini ya moto, plagi zote tatu nje, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa, soketi za koili zimechomolewa, betri imejaa, na mtu amekanyaga mafuta mpaka mwisho wakati wa kupiga stata. Mizunguko sita hadi minane kwa kila silinda, usizidishe kwa moja na kupunguza kwa nyingine. Matokeo: silinda ya kwanza psi 165, ya pili 128, ya tatu 158. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi takriban psi 15. Ya pili, ambayo pia ndiyo iliyoandikwa na kodi P0302 kwenye kompyuta kwamba inamisi, iko chini ya wenzake kwa psi 30 au zaidi.

Kijiko kimoja cha oili kikamiminwa kupitia tundu la plagi ya silinda ya pili na kipimo kikarudiwa: psi 160. Oili imeziba kwa muda nafasi kati ya ringi na ukuta. Kwa hiyo hewa ilikuwa inapita kwenye ringi. Kama namba isingepanda, tungeangalia valvu au gasketi ya silinda hedi. Mwenye kompresa anaweza kuthibitisha kwa kuingiza hewa silinda ikiwa imefungwa valvu zote: hewa ikisikika kwenye tundu la dipstiki ni ringi, kwenye ekzosti ni valvu ya kutolea, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi.

Plagi ya silinda ya pili ilikuwa nyeusi, imeloa, na ina ukoko wa majivu kwenye ncha. Zile mbili zilikuwa kavu. Valvu ya PCV, ile ndogo inayorudisha mvuke wa sampu kwenye njia ya hewa, ilitikiswa na haikulia. Imeganda. Ikiganda, presha inajenga ndani ya sampu, inazisukuma sili zivuje, na inazuia oili kushuka kutoka kwenye ringi. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na kwenye magari mengi yanayokula oili hakijawahi kuguswa tangu Japani.

Thamostati iliyotupwa

Wakati wa kukagua mfumo wa maji iligundulika kwamba thamostati haimo. Fundi wa kwanza aliitoa gari lilipochemsha mara moja, kwa maelezo kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Imani hii imeenea kutoka Tunduma hadi Mombasa na inagharimu injini nyingi kuliko watu wanavyodhani. Thamostati kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Bila hiyo, asubuhi na kwenye barabara iliyo wazi injini inatembea ikiwa ya baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli zaidi, sehemu ya petroli hiyo inapita kwenye ringi na kuingia kwenye oili, na unyevu unaotakiwa kukauka unabaki kwenye sampu. Oili inakuwa nyepesi na chafu kwa pamoja. Na kwenye injini ambazo thamostati pia hufunga njia ya pembeni, kuitoa kunaiacha njia hiyo wazi, maji mengine yanazunguka bila kupita rejeta, na gari linachemsha zaidi foleni kuliko lilivyokuwa.

Ndani ya rejeta mlikuwa na maji ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na chumvi kwenye bloku ya alumini ni kutu nyeupe inayokula mahali gasketi inapokaa na kuharibu sili ya pampu ya maji, ambayo kwenye injini hii ni kati ya vitu vinavyojulikana kuvuja. Mfumo ulisafishwa kwa maji safi mpaka yakatoka meupe, ukawekwa thamostati mpya, mfuniko mpya wa rejeta, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya kuchemshwa viwandani ya betri, si ya bomba.

Kilichofanyika kwenye injini

Mwenye gari alikuwa na njia nne mbele yake: oili nzito pamoja na dawa ya kuzuia moshi, kulowesha ringi, kufungua injini, au kununua ya mtumba.

Oili nzito, 20W-50 au ile ya namba 40, inapunguza moshi kwa wiki kadhaa. Kwa joto la Dar es Salaam haitaganda asubuhi, kwa hiyo haiui injini siku hiyo hiyo. Lakini njia za oili za VVT-i na tensheni ni nyembamba na zilitengenezwa kwa oili nyepesi, na matundu ya pistoni yaliyoziba hayazibuliwi na oili nzito. Unaficha dalili na ugonjwa unaendelea.

Kwa kuwa presha ilikuwa nzuri na filta haikuwa na shaba, uamuzi ulikuwa kuanza na kulowesha. Pistoni zinawekwa katikati ya safari kadiri inavyowezekana, dawa ya kuyeyusha masizi inamiminwa mililita 20 hadi 30 kwa kila silinda kupitia tundu la plagi, inaachwa usiku kucha, na krankishafti inasogezwa kidogo kwa spana kila baada ya saa kadhaa. Asubuhi, plagi zikiwa bado nje na matundu yamefunikwa kitambaa, stata inapigwa ili dawa iliyobaki itoke. Usithubutu kufunga plagi kabla ya hatua hiyo: majimaji hayagandamizwi, na konrodi (mkono unaoshika pistoni) itapinda. Kisha oili inamwagwa yote pamoja na filta, kwa sababu dawa imeshuka kwenye sampu, inawekwa oili ya bei nafuu yenye kiwango sahihi, gari linatembea kilomita 400 bila kukimbizwa, na oili hiyo nayo inamwagwa.

Sampu ilishushwa. Kichujio cha pampu kilikuwa kimefunikwa karibu nusu na mchanganyiko wa utomvu na vipande vyekundu vya gasketi ya tyubu. Hili ni kosa la gereji. Sampu ya injini hii haina gasketi ya karatasi, inazibwa kwa gundi, na fundi aliyewahi kuifungua huko nyuma alipaka kama anasiliba ukuta. Gundi iliyozidi inafinywa ndani, inakauka, inakatika, inakwenda moja kwa moja kwenye kichujio. Mstari wa milimita 3 hadi 4 kuzunguka ukingo unatosha, upande wa ndani wa matundu ya bolti, kwenye uso uliosafishwa mpaka hauna mafuta kabisa, na oili isimiminwe mpaka gundi iwe imeshika.

Cheni, gaidi zake (reli zinazoiongoza) na tensheni vilibadilishwa vyote kwa pamoja. Kubadilisha cheni na kuacha tensheni iliyochoka ni kulipa ufundi mara mbili. Kabla ya kufunga kava, injini ilizungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama za taiming zikakaguliwa upya. Valvu ya PCV mpya, plagi tatu mpya, filta ya hewa mpya. Ile ya zamani ilikuwa imepulizwa kwa kompresa mpaka karatasi imetoboka, na vumbi la barabara za ndani za Mbezi lilikuwa limechora mstari wa kahawia baada ya filta, ndani ya bomba la hewa. Vumbi hilo ni mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unasaga ringi na silinda.

Oili iliyowekwa mwisho ni 5W-40 yenye kiwango cha API SN. Kwa injini isiyokula oili tungebaki na 5W-30.

Baada ya kilomita 2,000

Mgandamizo ulipimwa tena: 168, 151, 163. Silinda ya pili imerudi lakini haijawa sawa na wenzake, na haitakuwa. Ukuta wake umelika kiasi fulani, hakuna dawa inayorudisha chuma. Ulaji wa oili ulishuka kutoka lita moja kwa kilomita 700 hadi lita moja kwa kilomita 1,800. Taa ya presha haikuwaka tena, mlio wa kugonga wa asubuhi umekwisha, P0302 haikurudi.

Je, kilomita 1,800 ni nzuri? Kwa gari la ofisi, hapana. Kwa teksi yenye kilomita 163,000 inayobadilishwa oili kila 4,000, maana yake ni kuongeza lita mbili na ushei kati ya sevisi na sevisi. Weka bei ya lita mbili hizo kwa mwezi upande mmoja, na bei ya injini ya mtumba pamoja na ufundi upande wa pili, gawanya, utajua injini hii inaweza kubaki kazini miezi mingapi kabla ya kununua nyingine kuwa na faida. Kwa kawaida ni miezi mingi, ilimradi oili haishuki chini ya alama. Kilichobaki cha kuogopa ni katalisti, kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosti: oili inayoungua inaacha majivu yanayoiziba, na gari likianza kukosa nguvu kwenye mizunguko ya juu huku moshi ukiwa hauonekani, pima mgandamizo wa nyuma wa ekzosti kabla ya kulaumu injini tena.

Kama loweko lisingesaidia, yaani silinda ya pili ibaki chini ya psi 140, hapo injini ingefunguliwa. Hedi ingewekewa rula ya chuma na filagejii (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 kuona kama imepinda. Ringi mpya ingewekwa peke yake ndani ya silinda na pengo lake kupimwa: kwa silinda ya milimita 71, pengo la takriban milimita 0.3 ni la kawaida, na likiwa limezidi mara mbili wakati ringi ni mpya, silinda yenyewe imepanuka na ringi mpya ni fedha iliyotupwa. Hapo ndipo mtumba una maana.

Na anayenunua mtumba asinunue kwa sauti. Fungua mfuniko wa oili na uangalie kamshafti: rangi ya chai nyepesi ni sawa, utomvu mweusi unaokwanguka kwa kucha ni injini iliyotoka kwenye maisha yale yale unayokimbia. Pima mgandamizo ikiwa chini sakafuni, stata na betri vinatosha. Hakikisha ni ya toleo lile lile, kwa sababu 1KR-FE za Passo KGC30 zilizokuja 2010 zina sensa na vipuri vinavyotofautiana na za KGC10 ingawa jina ni moja. Badilisha sili za krankishafti, pampu ya maji na thamostati kabla haijaingia kwenye gari, wakati mikono inafika. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe TRA mapema, kabla hujafikiria kuuza.

Nani anapima oili

Gari hili lina mwenye gari na lina dereva anayepeleka hesabu kila wiki. Oili ilikuwa juu ya mwenye gari, lakini anayelala na gari ni dereva. Lita ya katikati ya mwezi hakuna aliyekubaliana nani anailipa, kwa hiyo haikununuliwa. Huu ndio mzizi wa kisa kizima, na fundi hawezi kuukata.

Walichokubaliana ni hiki: chupa ya lita moja ya oili ile ile inakaa ndani ya buti muda wote, inalipwa na mwenye gari. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva anapiga picha ya dipstiki na odometa na kuituma. Oili ikiwa chini ya nusu anaongeza robo lita, anasubiri, anapima tena, bila kuvuka alama ya juu. Chupa ikiisha, dereva anatuma picha ya chupa tupu na bei ya chupa mpya inakatwa kwenye hesabu ya wiki hiyo. Picha zikikaa pamoja mwezi mmoja, ulaji wa oili unajihesabu wenyewe: lita moja ikianza kwisha kabla ya kilomita 1,000, gari linarudi kupimwa mgandamizo.

Taa nyekundu ikiwaka kwa namna yoyote, hata sekunde moja kwenye kona, gari linazimwa pembeni na dipstiki inatolewa, abiria akiwemo.